Kutoka daftari la korosho hadi kompyuta

Nilikulia Newala, juu ya uwanda wa Makonde, katika nyumba ambayo kila msimu wa korosho mazungumzo yake yalikuwa kilo, daraja na malipo. Naamini kupenda kwangu hesabu kulianzia hapo, kwenye daftari la baba, kabla sijaiona kompyuta hata moja. Leo ninaishi Mtwara mjini na kazi yangu ni uhandisi wa programu.

Lugha ya kuandikia programu niliyojifunza kwanza ni Python, ambayo Guido van Rossum aliitoa mwaka 1991, na hadi sasa ndiyo ninayoitumia zaidi. Kinachonivutia kuliko vyote ni usahihi wa namba. Nilipoandika programu ya kujumlisha uzito wa magunia, niligundua kwamba kwenye kompyuta 0.1 kujumlisha 0.2 hakutoi 0.3 kamili, kwa sababu desimali hizo haziwezi kuandikwa kikamilifu kwa tarakimu za sifuri na moja pekee. Tangu siku hiyo ninahifadhi uzito kwa gramu na fedha kwa senti, vyote vikiwa namba nzima, ili jasho la mkulima lisipotee ndani ya desimali.

Jioni hucheza bao na wazee wa Mikindani. Sasa ninaandika programu itakayocheza bao la Kiswahili, lenye mashimo 32 na kete 64. Hatua ya mtaji, ambapo kete zote zimeshaingia mchezoni, nimeimaliza. Ya namua, ambapo kete za akiba bado zinaingizwa moja moja, ninaendelea nayo.