Nilivyochagua rizoti ya kuzamia Mafia nikiwa huku Kigoma

Mimi ni mkazi wa Mwanga hapa Kigoma, na nilipoanza kusema nataka likizo ya kwenda kuzamia baharini na mtungi wa hewa mgongoni karibu kila mtu aliniuliza kitu kile kile, kwani Tanganyika imekuwaje? Swali lina haki yake. Ziwa letu ni la pili kwa kina duniani, linafika mita 1,470, na ukiingia tu pale ufukwe wa Jakobsen na maski usoni unaona samaki wa rangi rangi mpaka unasahau muda. Ila mimi nilitaka matumbawe, na nilitaka kumuona papa potwe, yule samaki mkubwa kuliko wote, kwa macho yangu, na hivyo viwili ziwani havipo, kwa hiyo safari ilikuwa lazima ielekee pwani. Kilichobaki ni kujua kisiwa gani na rizoti gani, na hapo ndipo kazi ilipo mana mtu wa huku huwezi kusema ngoja nikachungulie wikiendi alafu nirudi, Kigoma mpaka Dar kwa reli ni kilomita zaidi ya 1,200, ukishalipa umelipa.

Nilianza na kalenda kabla sijafungua picha ya hoteli yoyote. Likizo yangu na ya mama watoto zinakutana Desemba shule zikifungwa, watoto wanaenda kwa bibi yao Kasulu, kwa hiyo nikawa nauliza bahari inakuwaje mwezi huo. Watu wa pwani wanaishi kwa upepo. Kusi linapiga sana katikati ya mwaka, Juni mpaka Agosti, bahari ya nje inachafuka na boti zinarushwa. Kaskazi inaingia mwishoni mwa mwaka na bahari inakuwa na utulivu zaidi. Masika ya Aprili na Mei rizoti nyingi za visiwani zinafunga kabisa, na zile zinazobaki wazi ndio unakuta zina ofa nzuri, sasa kama shida yako ni kuzamia jiulize kwanza hiyo ofa imetokana na nini. Potwe naye ana msimu wake, upande wa Kilindoni kule Mafia anaonekana zaidi Oktoba mpaka Februari, anakuja kula vijidudu na dagaa karibu na uso wa maji. Yaani Desemba yetu ilishaanza kuniamulia.

Hata hivyo sikukimbilia Mafia moja kwa moja. Unguja ina vituo vingi vya kuzamia, Nungwi na Kendwa ukitembea ufukweni unavikuta vimepangana, na kisiwa cha Mnemba kule kaskazini mashariki kinasifiwa na kila mtu. Tatizo ni kwamba kusifiwa huko ndiko kunakoleta maboti mengi sehemu moja, na mimi mtu wa kujifunza sikutaka kujifunzia kwenye msongamano. Pemba nayo ni habari nyingine, mkondo kati ya Pemba na bara una kina kirefu sana, miamba inashuka wima kama ukuta na maji yanavuta kwa nguvu, wanaoujua wanasema ni moja ya sehemu nzuri kuliko zote Afrika Mashariki lakini kwa aliyeanza jana ni mapema. Nikaiweka Pemba ya baadaye. Mafia ina ghuba ya Chole, imezungukwa na visiwa vya Chole, Juani na Jibondo, kwa hiyo hata upepo ukiwa mkali kuna mahali pa kuzamia ndani ya ghuba, alafu yote ile ni hifadhi ya bahari tangu 1995, ya kwanza nchini. Kwangu hilo lilikuwa na uzito mkubwa sana. Sehemu nyingine za pwani yetu wavuvi wameipiga miamba baruti miaka na miaka, na mwamba uliopigwa baruti hauinuki kirahisi, unabaki kifusi.

Sasa rizoti. Hapa nitakaa kidogo mana ndipo watu wanapotupa hela. Kuchagua rizoti ya kuzamia kwa kuangalia picha za vitanda na bwawa la kuogelea ni kama kununua injini ya boti kwa kuangalia rangi yake. Chumba utalala tu. Kitakachokurudisha juu salama ni kituo cha kuzamia, yaani mwalimu, mitungi, boti na utaratibu wao, na mara nyingi kituo ni mali ya mtu mwingine kabisa amekodi eneo ndani ya rizoti, kwa hiyo ukiongea na mapokezi unaongea na mtu ambaye hajui chochote kuhusu maji. Mimi kila nilipopiga nilisema dada samahani, naomba niongee na mtu wa kituo cha kuzamia mwenyewe, na kama ananiambia atanijibia yeye, nasubiri mpaka apatikane mhusika.

Nikimpata namuuliza hivi. Mwongozaji mmoja anashuka na watu wangapi? Kwenye boti kuna mtungi wa oksijeni, sio ule wa hewa ya kuzamia, oksijeni yenyewe ya dharura, na nani amefundishwa kuitumia? Mtu akipata shida inayoletwa na presha ya maji ya kina, sio presha ya damu, anapelekwa wapi na kwa usafiri gani? Kompresa ya kujazia mitungi filta yake inabadilishwa kwa utaratibu gani? Mitungi imepimwa lini, mana tarehe ya kupimwa inagongwa karibu na shingo ya mtungi, haihitaji kubishana. Mwalimu ana namba ya cheti, naweza kuihakiki? Mwenye kituo kizuri hakasiriki kuulizwa haya, anafurahi kabisa. Rizoti moja, sitaitaja jina, jamaa aliniambia kaka wewe njoo tu huku hakuna anayeumwa, nikamshukuru na nikafuta namba. Sehemu niliyoichagua kule Utende, kijiji cha Mafia kwenye ghuba ya Chole, jamaa alinijibu moja moja bila haraka, oksijeni iko kwenye boti na nyingine nchi kavu, wanafunzi hawazidi wanne kwa mwalimu, chemba ya kutibia wazamiaji iko Unguja na namba yake wameibandika ukutani, alafu yeye ndiye akageuka akaanza kuniuliza mimi, una pumu? masikio yakoje? ulishafanyiwa upasuaji? Nikajua hapa ndio penyewe.

Kitu kingine nilichouliza ni lugha. Kozi nyingi zimeandikwa Kiingereza na wengi wetu tunakisoma vizuri tu, lakini chini ya maji kila kitu ni ishara, na ishara umefundishwa kwa maelezo ya juu, sasa ukielewa nusu nusu juu, kule chini utakuwa na nusu hiyo hiyo. Walikuwa na mwongozaji mzaliwa wa Mafia anayefundisha kwa Kiswahili, na huyo ndiye niliyemuomba.

Kwenye bei, bei ya kwanza wanayokutajia ni ya dola, ya mgeni. Uliza bei ya Mtanzania, ipo sehemu nyingi na usione aibu. Alafu waambie wakuandikie jumla, yaani kozi, vifaa vya kukodi, ada ya hifadhi ambayo inalipwa kwa kila siku unayokaa na kwa Mtanzania ni ndogo kuliko ya mgeni, na usafiri kutoka Kilindoni mpaka Utende, ni kama kilomita 15. Nilikuta rizoti yenye kozi rahisi ambayo ukiongeza kukodi vifaa inaipita ile niliyodhani ni ghali.

Na mama watoto hazamii. Hili watu wawili wakisafiri linasahaulika, mmoja anashinda majini mwenzake anashinda kiti kimoja anahesabu mawimbi. Mimi nilimpa simu aulize ya kwake, naye akauliza maswali ya maana kuliko yangu, maji ya mbele ya rizoti yakipwa yanakimbilia wapi, mana Utende maji yakitoka yanaenda mbali sana na ukitaka kuogelea lazima ufuate saa za bahari. Akapanga yake: mashua kwenda kisiwa cha Chole kuona popo wakubwa wanaoning'inia mchana, magofu ya mji wa kale wa Kua kule Juani, na fungu la mchanga la Marimbani ambalo linatokea maji yakipwa. Kwa hiyo tulichukua chumba cha kawaida kisicho na kiyoyozi karibu na kijiji, tukaweka hela kwenye kuzamia na kwenye mashua.

Maandalizi niliyafanya huku huku. Kozi ya mwanzo ya kimataifa inataka uogelee mita 200 bila kuharakishwa na uelee dakika 10, kwa hiyo jioni nikitoka kazini naenda Bangwe napiga mizunguko. Fomu ya afya niliijaza nikampelekea daktari aangalie masikio. Nadharia niliisoma kwa simu kabla ya kuondoka, na hili nalisisitiza, ukiisomea kule unakalia daftari wakati bahari iko mlangoni.

Kule kwenyewe nilikuta ratiba inaamriwa na maji. Kwenye mlango wa Kinasi, pale ghuba inapofungukia bahari kuu, huzamii saa unayotaka wewe, wanasubiri maji yaanze kujaa ndio yanakuja masafi kutoka nje, na wakati wa bamvua, yaani maji yanapojaa na kupwa kuliko kawaida, mkondo unakuwa mkali hata wazoefu wanachagua siku. Wanafunzi tulibaki ndani ya ghuba na mwisho wetu ni mita 18. Mkanda wa kiunoni wenye vipande vya risasi, ile metali nzito ya kukuzamisha, ulikuwa mzito kuliko nilivyotarajia, mana maji ya chumvi yanakubeba kuliko ya ziwani, bila uzito hushuki. Nikaona kasa amelala chini ya jiwe, mkunga, samaki wa umbo la nyoka, katoa kichwa, chewa, makundi ya samaki pono wanatafuna mwamba mpaka unasikia. Boti ilifungwa kwenye boya, nanga haikutupwa kwenye matumbawe hata mara moja, na mwongozaji alikuwa mkali kwa mtu yeyote anayeshika kitu. Nilimheshimu sana kwa hilo. Potwe tulimfuata na boti ya Kilindoni, kwake hakuna mitungi, ni snokeli, yaani bomba la kupumulia ukiwa juu ya maji, na kukaa mbali naye, na mama watoto akaingia majini na jaketi la kuokolea akamuona vizuri kuliko mimi.

Kuhusu kurudi, hili kwa sisi wa bara ni muhimu kuliko kwa mtu wa Dar. Ukizamia siku mfululizo unatakiwa usubiri angalau saa 18 kabla ya kupanda ndege, wengi wanaweka siku nzima, kwa sababu naitrojeni bado iko mwilini na presha ikishuka inatoka kama mapovu. Na sio ndege tu, hata kwa treni au basi unapandisha, Dodoma iko zaidi ya mita 1,000 juu ya bahari, Tabora kama 1,200, na ziwa lenyewe hapa liko zaidi ya mita 700. Kwa hiyo siku ya mwisho ya kuzamia niliipanga mapema kabla sijakata tiketi, nikaacha siku ya Chole na mama watoto, tukalala na Dar ndio tukaanza kupanda. Unapoongea na rizoti waambie tangu mwanzo unaishi wapi na unarudi kwa usafiri gani, wakupangie kozi kwa kuhesabu kuanzia siku ya kuondoka kurudi nyuma. Na kama ni Desemba pigeni simu Agosti, vyumba vya bei ya kawaida Utende ni vichache na wanaofuata potwe wanaviwahi.