Talaka ya maelewano: kazi kubwa iko kabla ya kikao cha kwanza

Wanandoa walioamua kuachana bila kuburuzana mahakamani huamini kwamba nia njema inatosha. Haitoshi. Vikao hukwama kwa sababu hati hazijakamilika, hesabu za matumizi ni za kukisia, na kila mmoja amekuja na jibu lake tayari mfukoni.

Utaratibu huu wa talaka ya maelewano, yaani wanandoa na mawakili wao kujadiliana kwa vikao badala ya kushitakiana, ulianzishwa mwaka 1990 na Stuart Webb, wakili wa Minneapolis, Marekani, aliyekuwa amechoshwa na kesi za familia. Sharti aliloliweka ndilo uti wa mgongo wake hadi leo: kila mwanandoa ana wakili wake, na wote wanne wanatia saini mkataba kwamba mazungumzo yakivunjika na shauri likafunguliwa, mawakili wote wawili wanajitoa. Wakili hana cha kuvuna kwenye ugomvi. Lakini sharti hilo linakubana na wewe pia, kwa sababu mkishindwana utaanza upya na wakili mwingine, na gharama mpya. Kwa hiyo tafuta wakili aliyesomea njia hii na kuifanyia kazi, na umuulize wazi kesi zake ngapi zilifika mwisho na nyingine zilivunjikia wapi. Aliyezoea kushinda mahakamani tu atakuja na tabia hiyohiyo mezani.

Njia hii haimfai kila mtu. Kama kuna kipigo, vitisho, au mwenzako ana historia ya kuficha mali, usiingie. Mezani hakuna hakimu wa kumlazimisha mtu atoe taarifa. Mnaahidiana kuweka kila kitu wazi kwa hiari, basi. Vilevile kama fedha zinahamishwa sasa hivi au mtoto anaweza kutoroshwa, unahitaji amri ya mahakama leo, vikao baadaye.

Kama inafaa, anza na hati. Kusanya taarifa za benki za miezi 12 kwa kila akaunti, hata ile yenye salio dogo, hati za mishahara, ritani za kodi za miaka mitatu, hati za nyumba na magari, salio la kila mkopo, bima, na taarifa ya mafao ya kustaafu. Mkianza kutafuta hati katikati ya vikao, kila kikao kitaahirishwa, na mawakili wanalipwa kwa saa.

Mafao ndiyo yanayosahaulika, na ndiyo yanayopotosha hesabu. Chukua nyumba yenye thamani ya 100 na mkopo wa 60: iliyobaki kugawanywa ni 40. Mmoja akisema, "wewe chukua nyumba, mimi nibaki na mafao ya 40," inaonekana sawa kabisa. Lakini mafao huenda yakakatwa kodi siku ya kutolewa, na hayaguswi hadi umri fulani. Nyumba nayo inadai marejesho ya mkopo na matengenezo kila mwezi, na huenda benki isikubali kuhamishia mkopo wote kwa mtu mwenye mshahara mmoja. Ulizeni benki kabla ya kukubaliana. Hapa ndipo mtaalamu mmoja wa fedha asiyeegemea upande anapostahili gharama yake, kwani kila upande ukileta wa kwake, mabishano yanarudi kwa mlango wa nyuma.

Kisha andika bajeti ya maisha yako ukiwa peke yako. Isiwe ya mwezi mmoja tu, maana ada za shule, bima na matengenezo ya gari huja mara moja au mbili kwa mwaka. Jumlisha matumizi ya miezi 12, gawanya kwa 12. Wanaoandika kwa kukisia hugundua upungufu baada ya kusaini.

Jambo linalofuata ni gumu zaidi kuliko karatasi. Kwa kila unachodai, andika kwa nini unakitaka. "Nataka nyumba" haina pa kujadiliwa. "Nataka watoto wasihame shule hadi wamalize mwaka" ina njia kadhaa: kukaa kwa muda kisha kuuza, kupanga karibu na hapo, au mmoja kununua sehemu ya mwenzake kwa awamu. Mwambie wakili wako sababu hizi mapema, hata zile unazoona aibu kuzisema.

Kuhusu watoto, msiwatume kupeleka ujumbe wala msiwaulize wanataka kukaa na nani. Kukiwa na mvutano, mtaalamu wa watoto aongee nao kisha awaeleze wazazi mahitaji yao.

Mpaka mambo yaishe, msifunge akaunti, msiuze kitu na msichukue mikopo mipya bila mwenzako kujua. Na msimalizane kwa meseji usiku wa manane: hoja iingie kwenye ajenda, ijadiliwe mawakili wakiwapo, iandikwe kwenye kumbukumbu za kikao.

Makubaliano yakikamilika bado yanapelekwa mahakamani ili yawe amri. Baada ya hapo hamisheni hati za mali, fungeni akaunti za pamoja, na kila mmoja akague fomu za bima ya maisha na mafao aone jina la nani limeandikwa kama mnufaika. Usitegemee kwamba hukumu ya talaka itakubadilishia fomu hizo.