Nilichokifuata Kilifi

Niliondoka Tanga alfajiri kwenda Kilifi, pwani ya Kenya, gari dogo la Horohoro likiwa na magunia ya machungwa ya Muheza juu ya keria. Mpakani hawakunikawiza. Pasi, kadi ya homa ya manjano, muhuri, nikavuka Lunga Lunga na kupanda matatu ya Likoni. Mimi ni muuguzi wa wodi ya watoto, na nauli ya safari hii niliitoa kwenye mshahara wangu, maana kuna jambo limenikaa rohoni tangu mwaka 2011.

Hospitali niliyoanzia kazi, mtoto akiletwa na homa kali, anahema kwa shida, mikono na miguu imepoa, ukimbonyeza ukucha damu inachelewa kurudi, hatukuwa na la kujadili. Tafuta mshipa, weka kanula, fungulia dripu iende kasi. Ndivyo tulivyofundishwa, na ndivyo vitabu vya nchi nyingi vilivyoelekeza. Mikono yangu hii imefungulia dripu za namna hiyo kwa miaka.

Kisha yakatoka majibu ya utafiti wa FEAST. Watoto 3,141 wa Kenya, Uganda na Tanzania, wenye hali hiyohiyo, waligawanywa kwa kura katika makundi matatu. Mawili yalipewa maji ya haraka, moja ya chumvi na jingine ya albumini, protini ya damu. La tatu halikupewa maji ya haraka, ila dawa, uangalizi na maji ya kawaida ya taratibu. Kathryn Maitland, daktari aliyekuwa Kilifi, ndiye aliyeongoza kazi hiyo, na dhana iliyokuwepo ni kwamba maji ya haraka yangeokoa. Januari 2011 utafiti ulisimamishwa kabla ya muda wake. Ndani ya saa 48, katika kila watoto 100 waliopewa maji ya haraka walikuwa wamefariki karibu 11. Kwa wasiopewa, 7. Uchambuzi wa baadaye ulionyesha kuwa wengi hawakufa kwa mapafu kujaa maji kama tulivyodhani, bali kwa moyo na mzunguko wa damu kushindwa. Nisisitize hapa, kwa sababu nimewahi kusikia watu wakilichanganya: watoto waliokaukiwa maji kwa kuhara hawakuwa sehemu ya utafiti huo. Hao maji ndiyo uhai wao.

Kituo kimojawapo kilikuwa hospitali ya Muheza, mwendo wa kama saa moja kutoka Tanga mjini, kule kule yalikotoka machungwa ya kwenye keria. Jirani zangu kabisa. Takwimu nilizikubali upesi, ingawa usiku ule nililala nikihesabu nyuso. Swali lililobaki lilihusu akina mama. Mtoto anakata roho mikononi mwako, halafu mtu amevaa koti jeupe anakuambia habari za utafiti. Unaanzaje kumwomba mama yule ruhusa?

Njia ya Ukunda nilisinzia. Likoni tulijazana kwenye feri, baiskeli, mikokoteni na mama mmoja na kuku wake, na Mombasa nikabadilisha gari. Foleni ya Mtwapa ilikula saa nzima. Baada ya hapo, Vipingo, mashamba ya mkonge yakajitandaza kando ya barabara kwa safu zilizonyooka, nikajiona kama nimerudi nyumbani. Jioni tulipita juu ya daraja la Kilifi, ghuba iko chini, maji yametulia na mashua zimetia nanga.

Kituo cha utafiti cha KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, na Wellcome Trust, shirika la Uingereza linalofadhili utafiti wa afya, kinachoshirikiana na Chuo Kikuu cha Oxford, kipo hapa tangu mwaka 1989, ubavuni mwa hospitali ya kaunti. Tangu mwaka 2000 wanahesabu watu wa eneo lenye ukubwa wa kama kilomita za mraba 900, nyumba kwa nyumba: nani kazaliwa, nani kafariki, nani kahama. Mtoto akifikishwa wodini, wanaweza kujua anatoka mji gani. Mji kwa Wagiriama, wenyeji wa huku, ni boma la ukoo.

Swali langu nilimuuliza muuguzi mwenzangu wa pale, dada mtu mzima, tukila mahamri na mbaazi. Akanieleza kuwa katika FEAST ridhaa iliruhusiwa kuchukuliwa kwa hatua mbili. Kwanza maneno machache ya mdomo: mtoto ana hali mbaya, kuna njia hizi za kumtibu, hatujui ipi ni bora, unaweza kukataa na atatibiwa vilevile. Mtoto akipata nafuu, na mama akipata pumzi, ndipo huja maelezo kamili na fomu. Na kama mtoto amefariki kabla ya hatua ya pili, mzazi haletewi karatasi ya kutia sahihi juu ya msiba wake. Kamati za maadili zilikuwa zimelipitisha hilo. Nilikwenda nikiwa na shaka kwamba hatua mbili ni ujanja wa kupata watoto upesi. Niliporudi sikuwa na shaka hiyo tena, ingawa kuna sehemu yangu ambayo bado haijatulia, na sitaki itulie.

"Lakini wodini ni mwisho wa njia," dada akasema. "Kama unataka kujua ridhaa inaanzia wapi, nenda nyanjani."

Kesho yake nikapanda pikipiki kumfuata kijana ambaye kwetu tungemwita mdodosaji. Ni mzaliwa wa huko huko, shule ya msingi kasoma kijiji cha pili. Mikorosho ilikuwa imeanza kutoa maua. Tulipiga hodi kwenye mji wa nyumba nne, tukapewa viti vya plastiki chini ya mwembe, na salamu zikachukua robo saa nzima. Sikuiona robo saa hiyo kuwa imepotea.

Alikuja kwa ajili ya utafiti wa malaria, akiomba kutoa damu kidogo kwa mtoto wa miaka mitatu. Mama wa mtoto alikuwa binti wa kama miaka ishirini. Aliyeuliza maswali ni bibi.

"Damu kiasi gani?"

Kijana akafungua mkoba, akatoa kijiko cha chai, kijiko cha kawaida cha jikoni, akamkabidhi. Bibi akakigeuzageuza, akapitisha kidole gumba ndani yake kama anayepima chumvi.

"Kimejaa au nusu?"

"Nusu, bibi."

"Na inakwenda wapi?"

Hilo swali si dogo pwani. Sote tumekua tukitishwa na mumiani, watu wa kunyonya damu za watu, na mtu anayekuja na sindano, gari na maswali mengi anafanana nao kupita kiasi. Kijana hakucheka. Alieleza maabara iko wapi, nani anaishika ile chupa, inawekwa muda gani, na kwamba wakitaka kwenda kuiona maabara kwa macho yao wanakaribishwa. Nilimwonea wivu. Mimi nimechoma sindano maelfu na sikumbuki kumwambia mtu hata mmoja damu yake inakwenda wapi.

Binti akampigia simu mumewe, yuko Mombasa kwenye ujenzi. Wakazungumza Kigiriama muda mrefu, amegeukia ukuta. Aliporudi alisema, kwa sauti ndogo, kwamba baba mtoto hataki, na yeye pia moyo wake haujakubali.

Nilijikuta nikivuta pumzi ili niseme neno. Kazini kwangu, mama akikataa kitu, tunamsemesha mpaka achoke. Kijana alishasema "Asante, mama, hamna neno," akaandika mstari mmoja kwenye karatasi yake na kufunga jalada. Hakunyanyuka. Aliuliza habari za mvua, akaulizwa habari za mama yake, yakaletwa madafu, tukanywa.

Bibi alikuwa bado na kijiko mkononi. Alikirudisha tulipokuwa tunaaga, lakini hakukiachia mara moja.

"Huyu akishikwa na homa usiku, nikimleta hospitali, wataniuliza nilikataa?"

"Hawatakuuliza, bibi. Mlete hata saa nane ya usiku."

Akakiachia kijiko.