Jinsi tulivyoachana na kikao cha kila asubuhi

Timu yetu iko Upper Hill, Nairobi, wengine hufanyia kazi nyumbani Rongai na Ruiru. Kikao cha saa tatu cha kupeana habari kilikula nusu ya asubuhi, na waliokwama kwenye foleni ya Thika Road walikikosa.

Kukifupisha hakukusaidia. Kundi la WhatsApp nalo lilizamisha maswali ya kazi chini ya salamu na picha.

Tukafungua waraka mmoja wa Google Docs, ambao sote tunaweza kuuandikia mtandaoni. Kabla ya saa nne kila mtu anaandika amemaliza nini, anaendelea na nini, amekwama wapi. Mwanzoni watu waliandika lakini hakuna aliyejibu. Mambo yalibadilika tulipokubaliana kwamba kila swali litaje anayepaswa kulijibu na saa ya mwisho: “Wanjiru, naomba bei hii kabla ya saa nane.” Majibu yakaanza kuja, hata kutoka kwa wapole ambao kikaoni hawakupata nafasi ya kusema. Hilo lilinifurahisha kuliko muda tuliookoa.

Zingatia hili: swali liweke kama maoni pembeni mwa waraka, na anwani ya barua pepe ya mhusika itanguliwe na alama ya @, ndipo apate taarifa kwa barua pepe. Kikao kimebaki cha Jumatatu, kwa mambo yanayohitaji mjadala.