Nyumba ya mavyaa wangu iliyoko Barawa

Vita vya Somalia vilipotufikia hapa Mombasa mwaka 1991, wengi wetu tuliviona kwa sura ya majahazi yaliyosheheni watu na ya mahema ya kambi ya Utange, tukazoea kusema kwamba ni koo zinazopigana. Kauli hiyo si ya uongo, lakini haiielezi nyumba aliyozaliwa mavyaa wangu, ambayo haikuwa na upande wowote katika vita hivyo, na ikashambuliwa kwa sababu hiyohiyo.

Barawa ni mji wa pwani, takriban kilomita 200 kusini-magharibi mwa Mogadishu, na wenyeji wake wasemao Chimiini, lahaja ya Kiswahili, walikuwa wafumaji, washona makubadhi, wavuvi na wafanyabiashara. Jeshi hawakuwa nalo. Rais Siad Barre alipoukimbia mji mkuu mwishoni mwa Januari 1991, askari wake waliorudi nyuma na wanamgambo waliowaandama walipita huko kusini kwa zamu, na Barawa ikaporwa tena na tena.

Mavyaa husimulia kwamba swali la kwanza la waliovunja mlango lilikuwa, "Nyinyi ni wa ukoo gani?" Babake alijibu kwamba wao ni watu wa Miini, yaani Barawa kwa lugha yao, na jibu hilo likawatosha wale watu, kwani walijua kuwa hakuna atakayekuja kulipiza kisasi. Wakadai dhahabu. Zilipotolewa bangili na vipuli hawakusadiki kuwa ndiyo yote (na wallahi ndiyo iliyokuwa yote), basi wakaanza kugonga sakafu kwa vitako vya bunduki, chumba baada ya chumba, wakitega sikio wasikie palipo na uwazi chini, na kila waliposhuku wakachimba. Wanawake walikuwa wamefungiwa chumba cha ndani. Yaliyotendeka humo mavyaa hajayasema, wala mimi sijamuuliza.

Waliokuja baadaye walikuta mashimo, wakachukua cherehani, magodoro na masufuria. Waliowafuata wakang'oa mabati ya jikoni. Hapo ndipo familia ilipopanda jahazi, ikapokewa na jamaa wa Mji wa Kale, huku wengine wakiishia kambini hadi kambi za pwani zilipofungwa katika miaka hiyo ya 1990.

Barawa ilikaa mikononi mwa al-Shabaab kwa miaka kadhaa, hadi Oktoba 2014 ilipotwaliwa na majeshi ya serikali na ya Umoja wa Afrika. Nyumba bado imesimama, ila wanaoikaa ni watu wengine, na hati yake mavyaa anayo kabatini. Ndugu zake waliochukuliwa Marekani wanataka iuzwe kwa haohao walioikalia, kwa bei yoyote ile. Yeye amekataa katakata kutia sahihi, nami namuunga mkono, ingawa sioni ni mahakama gani itakayomrudishia.