Nilivyoifanya titani dioksaidi ikubali mwanga wa taa ya kawaida

Titani dioksaidi ni ile poda nyeupe ya kwenye rangi za ukuta, na inavunja uchafu wa majini vizuri tu, shida inataka UV, yani mwanga usioonekana kwa macho, tena wenye urefu wa wimbi chini ya nanomita 387 hivi, na kwenye jua UV yenyewe ni kama asilimia 5 tu kwahiyo jua lote lililobaki linapita bure. Na hela ya taa ya UV mi sikuwa nayo.

Nikaenda na urea. Ndio, hiyohiyo ya mbolea, ila nilichukua safi ya maabara. Nikaisaga pamoja na titani kwenye kinu, nikatia kwenye bakuli la kauri lenye mfuniko, tanuru nyuzi 450, joto lipande taratibu. Urea ikiungua inatoa amonia (jamani ile harufu, kama hakuna feni ya kuvuta hewa nje usithubutu) na nitrojeni yake inaingia kwenye fuwele inakaa baadhi ya nafasi za oksijeni. Poda ikatoka njano mpauko, na njano maana yake imeshaanza kunywa mwanga wa bluu. Ukizidisha moto nitrojeni inatoka, poda inarudi nyeupe.

Sasa kazi kweli iko kwenye kupima. Wengi wanatumia methilini bluu, rangi ya bluu inayotiwa majini iwe kama uchafu wa kujaribia, maji yakipauka wanashangilia, kumbe ile rangi yenyewe inakunywa mwanga na inaweza kufifia hata bila msaada wako, halafu nyingine inanata tu kwenye poda. Ndo maana nilikuwa nakoroga gizani kwanza kama nusu saa mpaka kunata kuishe, ndo nawasha LED nyeupe, ambayo UV yake ni karibu na hakuna, na pembeni naweka chupa ya rangi tupu bila poda na nyingine yenye poda ila imefungwa foili.

Bado sikuridhika, nikahamia fenoli, kemikali nyingine inayochafua maji, sababu haina rangi, haiwezi kunidanganya kwa kunywa mwanga wa taa, unaisoma kwenye spektrofotomita (mashine ya kupima mwanga kiasi gani umenywewa) kwenye nanomita 270. Titani ya kawaida haikufanya kitu cha maana, ya njano ikashusha fenoli, polepole sana, sababu mwanga ukirusha elektroni, tundu linaloachwa ndo linavunja uchafu, na la kwenye nitrojeni halina nguvu kama la kwenye oksijeni, lakini ikashusha. Hayo majibu ndo nilipeleka kwa supavaiza, ya methilini bluu nikayaacha kwenye daftari.