Siku moja gereji: breki inayodunda kutoka Gongoni

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Kusi limevuma usiku kucha, na mlango wa gereji yangu hapa Malindi umejaa mchanga. Mpwa wangu afagia, mimi nafuata mahamri na mbaazi. Bila mbaazi mkono wangu haushiki spana.

Saa moja na robo. Mzee mmoja aingia akisukuma pikipiki, ingawa injini ni nzima. Ametoka Gongoni, kule kwenye mashamba ya chumvi. Hubeba abiria, na siku nyingine magunia.

"Mwanangu, nikishika breki ya mbele, yanirudishia mkono. Yadunda."

"Tangu lini, baba?"

"Tangu nibadilishe tairi. Nimeambiwa diski imepinda, ninunue mpya."

Diski ni ile sahani ya chuma inayobanwa na breki. Hapo kwenye tairi ningetega sikio, lakini mbaazi zilikuwa zapoa.

Saa mbili kasoro. Nikaipanda mwenyewe kabla ya kugusa spana. Nikienda mbio inadunda upesi upesi. Nikipunguza, nayo yapunguza. Maana yake tatizo lazunguka pamoja na gurudumu. Mkono wa breki ulikuwa ukinijia na kuondoka vidoleni, kama kushika koo la chura. Koni za usukani, yaani beringi za shingo ya pikipiki, zikilegea huwa tofauti: husikia "ko!" mara moja unapoanza kushika, kisha kimya.

Saa mbili na nusu. Tuliweka kreti chini ya injini, gurudumu la mbele likaning'inia. Nikalitikisa kushoto na kulia: beringi nzima. Nikavuta foko, ile miguu miwili inayoshika gurudumu la mbele, mbele na nyuma: koni nzima. Kisha nikaegemeza bisibisi kwenye foko, ncha karibu na diski bila kuigusa, mpwa wangu akazungusha. Upande mmoja wa diski wakwaruza ncha, upande wa pili waacha mwanya. Hiki ni kipimo cha maskini, na hakidanganyi.

Saa tatu. Panchari mbili na kebo ya klachi. Mzee amekaa kwenye benchi, hasemi neno.

Saa nne. Nikapima unene wa diski kwa maikromita, sehemu nane kuizunguka. Zote zilikuwa 4.1 mm, tofauti isiyofika hata 0.02. Pembeni mwa diski mtengenezaji amechonga kiwango cha mwisho, 3.5. Kwa hiyo haijaliwa kupita kiasi, wala haijaliwa upande mmoja. Nikaazima geji ya mshale, ya kupima diski inavyoyumba ikizunguka, kwa jirani mwenye mashine ya kuchonga vyuma. Mshale ukacheza 0.42 mm. Vitabu vingi vya pikipiki huvumilia hadi 0.3, vingine chini ya hapo.

Nikamgeukia mzee: "Baba, walikwambia kweli. Imepinda."

Akaitikia kwa kichwa tu. Mpaka sasa nikikumbuka kile kichwa naona haya.

Saa tano na nusu. Boliti za diski zilikuwa zimegandana na kutu, ikabidi nizipashe moto kidogo ndipo zikubali. Diski ilipotoka, nikanyamaza. Pale inapokalia kwenye habu, kitovu cha gurudumu, upande mmoja, palikuwa na magamba ya kutu yaliyochanganyika na mchanga, mazito kama ukucha. Aliyebadilisha tairi aliifungua diski akairudisha juu ya uchafu. Nikailaza diski juu ya kioo cha dirisha kuukuu, nikabonyeza kila upande. Haikucheza hata kidogo. Diski haijapinda hata chembe; imekalia jiwe.

Saa saba. Adhuhuri, kisha wali wa nazi na samaki wa kukaanga. Mzee alikula nasi.

Saa nane. Habu ikasuguliwa kwa brashi ya waya na msasa hadi chuma kikang'aa. Nilipofungua kalipa, kile kibano cha breki, nikakuta la pili: pini zake zimekauka kwa chumvi, hazitelezi. Kalipa ya aina hii ina pistoni upande mmoja, na hutegemea pini hizo ili ifuate diski ikiyumba. Zikikwama, diski yaisukuma pistoni, pistoni yasukuma mafuta ya breki, mafuta yasukuma vidole vya mzee. Nikazisafisha na kuzipaka grisi ya silikoni. Grisi ya kawaida huvimbisha mpira. Niliwahi kujifunza hilo kwa pesa yangu.

Pedi nikazipitisha msasa, diski nikaifuta kwa spiriti. Boliti zikarudi na gundi yake ya kuzuia zisilegee, nikizikaza kwa kupishana, hii kisha ya ng'ambo yake, kidogo kidogo. Geji: 0.08.

Saa kumi. Nikaichukua barabara ya Mambrui, nikavuka daraja la Sabaki. Ili pedi zizoeane na diski, mara kumi na tano hivi nilipunguza mwendo kutoka hamsini hadi kumi bila kusimama kabisa. Ukisimama na diski ya moto huku umebana breki, pedi huweza kuacha alama papo hapo, na kudunda kwarudi. Mkono wa breki ukatulia kama umelala.

Saa kumi na moja. Mzee akazunguka mtaa mara mbili, akarudi akicheka. "Na ile diski mpya?"

"Usinunue, baba. Ila kila mwezi imwagie maji yasiyo na chumvi, na ukibadilisha tairi simama juu ya fundi."

Akalipa shilingi mia nane, kisha akatoa mfukoni kifuko cha chumvi ya Gongoni, zawadi. Mpwa wangu akakipokea vizuri, akaenda kukiweka juu ya sanduku la spana.

Nilipiga kelele jirani akatoka nje.